Fizi za Wanaume na Fizi za Wanawake: Kwa Nini Tiba Moja Huleta Matokeo Mawili?

Jino lenye tundu huuma, na maumivu yake humtoa mgonjwa kitandani usiku wa manane kwenda kumtafuta tabibu. Jino linaloharibiwa na ugonjwa wa fizi halina kelele hizo. Ufizi huvimba kidogo, hutoka damu wakati wa kupiga mswaki, pumzi huanza kunuka, na baada ya miaka kadhaa jino zima kabisa, lisilo na tundu hata moja, huanza kucheza likiguswa kwa ulimi. Mkulima wa pamba wa Shinyanga au mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu anapofika hospitali katika hali hiyo, mara nyingi tiba iliyobaki ni koleo.

Lakini kabla ya kufikia koleo ipo tiba nyingine, na hiyo ndiyo inayozungumzwa hapa. Tabibu hukwangua uchafu uliogandamana na meno, juu ya ufizi na chini yake, kisha humfundisha mgonjwa namna ya kusafisha kinywa chake kila siku. Baada ya miezi mitatu hivi humpima tena. Wataalamu wa nchi mbalimbali wamejiuliza swali ambalo mwanzoni laweza kuonekana kama la mchezo: je, mwanamume na mwanamke wakipewa tiba hiyo moja, hupona sawasawa? Jibu lake lina mafunzo mengi kuhusu mwili, na mengi zaidi kuhusu namna sayansi inavyoweza kudanganywa na takwimu zake yenyewe.

Utando usioonekana

Juu ya kila jino, hata lililopigwa mswaki asubuhi hii, hujengeka utando laini wa bakteria. Utando huo ukiachwa huwa mzito na kuitwa ukoga; ukikaa zaidi, chumvi za chokaa zilizomo katika mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe. Ugumu huo, ambao watu wengi huuita ugaga, hauondoki kwa mswaki wa aina yoyote.

Kwamba ukoga ndio chanzo cha uvimbe wa fizi lilikuwa jambo la kukisiwa tu mpaka mwaka 1965. Mwaka huo Harald Löe, mtaalamu kutoka Norwei aliyekuwa akifanya kazi mjini Aarhus, Denmark, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi la ajabu. Watu 12 wenye fizi nzima waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Baada ya siku kati ya 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporuhusiwa kupiga mswaki tena, uvimbe ulitoweka. Ni majaribio machache ya tiba yaliyopata kueleza mengi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Uvimbe huu wa mwanzo hauharibu kitu cha kudumu. Hatari huja pale unapoteremka. Katika hali ya kawaida, kati ya jino na ufizi kuna ufa mdogo wenye kina cha milimita 1 hadi 3. Uvimbe ukidumu kwa watu wenye mwelekeo wa kuugua, nyuzi zinazolishikiza jino kwenye taya hukatika, mfupa hupungua, na ufa ule hugeuka kuwa kifuko chenye kina cha milimita 5, 6, au hata zaidi. Humo bakteria hukaa pasipofikiwa na mswaki wala mate. Mfupa uliokwisha kupotea haurudi kwa kukwangua meno. Tiba huzuia tu usiendelee kupotea, na hufanya ufizi ulikaze jino upya kiasi cha kupunguza kina cha kifuko.

Tabibu hukipima kifuko kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kijiti kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 kina kitufe kidogo nchani, chenye upana wa nusu milimita, na mkanda mweusi unaoanza milimita 3.5 na kuishia 5.5. Mkanda ukizama wote, kifuko ni kirefu. Kifaa hicho hakihitaji umeme, na hutumika vizuri hata katika kituo cha afya kilicho mbali na barabara kuu.

Nani huugua zaidi?

Kuhusu kuugua, kabla ya kufika kwenye kupona, takwimu zinaelekea upande mmoja. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Marekani mwaka 2009 na 2010, kwa watu wenye umri wa miaka 30 na kuendelea, ulionyesha kwamba asilimia 56.4 ya wanaume walikuwa na ugonjwa uliokwisha kula mfupa, ilhali kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.4. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2010 yalipata tofauti ndogo zaidi, kiasi cha asilimia 9 kwa wastani, lakini wanaume ndio waliozidi hapo pia.

Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba ujuzi mwingi wa msingi kuhusu ugonjwa huu ulitokana na kuwachunguza wanaume peke yao. Uchunguzi mashuhuri kuliko wote ni ule wa Löe huyohuyo katika mashamba ya chai ya Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985 wafanyakazi 480 ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno walipimwa mara kwa mara. Kiasi cha asilimia 8 walipoteza mfupa kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe wa fizi ingawa vinywa vyao vilijaa ukoga. Funzo lake ni kubwa: uchafu uleule hauwadhuru watu wote kwa kiwango kimoja. Lakini wote 480 walikuwa wanaume. Ni kasoro isiyostahili kupitwa kimya, kwa kuwa matokeo hayo yalifundishwa vyuoni kwa miaka mingi kana kwamba yanamhusu kila binadamu.

Afrika Mashariki ilitoa ushahidi wake miaka michache baadaye. Mwaka 1988 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walitoa taarifa ya watu 1,131 wa Machakos, Kenya, wenye umri kati ya miaka 15 na 65. Ukoga na ugaga ulikuwa tele, na fizi zilizotoka damu zilikuwa nyingi. Lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya katika meno machache ya watu wachache. Dhana ya zamani kwamba Waafrika wote huota vibogoyo kwa ugonjwa wa fizi wakifikia utu uzima ilianguka hapo.

Hesabu inayohitaji kufikiriwa mara mbili

Sasa na turudi kwenye tiba. Chukua mfano wa kubuni, unaoweza kuandikwa ubaoni. Kundi la wanaume lafika kliniki likiwa na vifuko vyenye kina cha wastani wa milimita 7. Baada ya tiba wastani ni milimita 5. Kundi la wanawake lafika na milimita 5, na baada ya tiba lina milimita 3.5. Nani amepona zaidi? Anayehesabu kiasi kilichopungua atasema wanaume, kwani wamepunguza milimita 2 na wanawake 1.5. Anayeangalia hali iliyobaki atasema wanawake, kwa sababu vifuko vyao sasa vinafikika kwa mswaki na vya wanaume bado havifikiki. Wote wawili wametumia tarakimu zilezile wala hakuna aliyesema uongo.

Kosa liko katika kulinganisha makundi yaliyoanzia mahali tofauti. Vifuko virefu hupungua kwa milimita nyingi kuliko vifupi. Ndivyo vilivyo kwa jinsia zote mbili. Na wanaume aghalabu huchelewa kwenda kwa tabibu, wakafika vifuko vikiwa virefu. Hivyo mtafiti asiyelinganisha mwanamume na mwanamke walioanza na kina kimoja hupima ucheleweshaji akidhani anapima maumbile.

Tumbaku hutia mkanganyiko wa namna hiyohiyo. Moshi wa sigara hubana mishipa midogo ya damu katika ufizi na kudhoofisha chembe nyeupe zinazopigana na bakteria. Mvutaji huugua zaidi na hupona kidogo. Tena fizi zake hutoka damu kidogo kuliko za mtu asiyevuta, kwa hiyo dalili ya kwanza ambayo ingemwonya huzimwa na moshi uleule unaomdhuru. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 kuhusu matumizi ya tumbaku nchini Tanzania ulikuta watumiaji ni asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 na zaidi.

Tuseme, tena kwa mfano wa kubuni, kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wasiovuta 80 hupona vema, na kati ya kila wavutaji 100 hupona 50, wawe wanaume au wanawake. Kliniki ikipokea wanaume 100, wavutaji wakiwa 60, watakaopona ni 30 kati ya wavutaji na 32 kati ya wengine, yaani 62. Ikipokea wanawake 100, wavutaji wakiwa 10, watapona 5 na 72, yaani 77. Tofauti ya watu 15 imetokea, na tarishi wa kliniki ataapa kwamba wanawake wana fizi bora. Katika mfano huu jinsia haikufanya kazi yoyote. Tofauti yote ni ya sigara.

Je, baada ya kuondoa sigara, uchafu, ucheleweshaji na kina cha mwanzo, hakuna kinachobaki? Kipo, lakini ni kidogo. Kinga ya mwili ya wanawake na ya wanaume hutofautiana kwa namna chembe nyeupe zinavyoitikia bakteria, na homoni za jinsia zina vipokezi katika tishu za ufizi wenyewe. Kwa tabibu aliye mbele ya mgonjwa, hata hivyo, kujua kama mgonjwa anavuta na kama atarudi kliniki kuna thamani kubwa kuliko kujua jinsia yake.

Mimba na hadithi ya jino

Pamoja na hayo, yapo mambo yanayompata mwanamke peke yake, na la kwanza ni ujauzito. Mwaka 1963 Löe na Silness walionyesha kwamba uvimbe wa fizi kwa wajawazito huongezeka kuanzia mwezi wa pili hadi wa nane, kisha hupungua, bila ukoga kuongezeka kwa kadiri hiyo. Homoni za mimba, hasa projesteroni na estrojeni, hufanya mishipa midogo ipitishe majimaji zaidi na ufizi uuitikie ukoga kwa hasira kuliko kawaida. Baada ya kujifungua hali hurejea ilivyokuwa.

Hapa ndipo penye madhara ya imani. Sehemu nyingi duniani husemwa kwamba kila mimba huondoka na jino, kwa kuwa mtoto hunyonya chokaa ya meno ya mama yake. Si kweli: jino lililokwisha kukomaa halirudishi chokaa yake katika damu. Mama anayetokwa na damu akaacha mswaki kwa kuogopa kujiumiza, ukoga huzidi, uvimbe huzidi, naye huona utabiri wa wazee umetimia. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambako wanawake huzaa mara nyingi kuliko wastani wa taifa, mzunguko huo waweza kurudiwa mara sita au saba katika maisha ya mtu mmoja.

Kuna pia hofu kwamba kusafishwa meno wakati wa mimba kutamdhuru mtoto. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2006, likihusisha wajawazito 823 wenye ugonjwa wa fizi, lilijibu swali hilo. Waliotibiwa wakiwa wajawazito fizi zao zilipata nafuu, na tiba haikuwaletea madhara. Watafiti walikuwa na tumaini jingine, kwamba tiba hiyo ingepunguza watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Haikupunguza, nao wakaandika hivyo bila kuficha.

Zebaki

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, kuna jambo ambalo vitabu vya meno vya Ulaya havilitaji tena, ingawa zamani vililijua vizuri. Dhahabu ya Geita ilianza kuonwa na Wajerumani mwaka 1898, na mgodi mkubwa wa kwanza ulifanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966. Lakini wachimbaji wadogo ndio waliolijaza eneo hilo makarasha na mialo. Mawe husagwa, unga huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki ambayo hushikamana na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Sentigredi na kuwa mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke hauonekani wala haunuki, na kiasi cha asilimia 80 ya unaovutwa hupita mapafuni na kuingia katika damu.

Dalili tatu za sumu ya mvuke wa zebaki zimejulikana kwa karne nyingi: kutetemeka, kubadilika kwa tabia, na fizi zilizovimba. Matabibu wa Ulaya waliowatibu wagonjwa wa kaswende kwa zebaki walikuwa wakipima kiasi cha dawa kwa kuangalia mate yanavyotiririka na fizi zinavyouma. Hadi miaka ya 1950 watoto wachanga nchini Uingereza walipakwa fizini poda yenye zebaki ili meno yaote bila taabu, na wengi waliugua kwa hiyo. Dalili nyingine ni rangi ya buluu au ya kijivu inayojitokeza kwenye ukingo wa ufizi.

Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilifanya uchunguzi Rwamagasa, wilayani Geita. Watu 180 wa hapo walipimwa, pamoja na 31 wa Katoro kwa ajili ya kulinganisha. Damu, mkojo na nywele zilichukuliwa, mikono iliangaliwa kama inatetemeka, na rangi ya fizi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokaguliwa. Kati ya wachomaji wa donge la dhahabu, takriban robo walionekana kuwa na sumu ya zebaki ya muda mrefu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, na elimu ya kuchomea donge katika chombo kinachonasa mvuke imetolewa sehemu nyingi. Hata hivyo zebaki ingali ikitumika.

Hebu mfikirie mchimbaji anayekwanguliwa meno, akafundishwa mswaki, akarudi baada ya miezi mitatu na fizi bado zimevimba. Ni rahisi kumwita mvivu. Lakini ikiwa kila jioni huinama juu ya jiko la mkaa lenye donge, tiba ya ukoga imetimiza sehemu yake na sumu inaendelea kutimiza ya kwake. Na kwa kuwa wachomaji wengi ni wanaume, matokeo yake yataandikwa katika daftari la kliniki chini ya safu ya wanaume, kama kwamba yeye na mwalimu wa shule asiyevuta sigara wala kugusa zebaki ni wagonjwa wa aina moja.

Mchimbaji huyo ana tatizo la pili. Ugonjwa wa fizi hutaka marudio. Mgonjwa asiyeonwa tena kila baada ya miezi kadhaa hupoteza polepole alichopata. Habari ikienea kwamba duara jipya limetoa dhahabu, maelfu huhama katika juma moja. Kadi ya kliniki hubaki Katoro, mwenye kadi yuko Kahama. Mwanamke wa Usukuma anayelima mahali pamoja ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi, ikiwa nauli ipo na ikiwa kuna mtu wa kubaki na watoto. Mara nyingi mojawapo kati ya hayo mawili hukosekana.

Katika vijiji vikavu vya Shinyanga wazee wengi bado husafisha meno kwa kijiti cha mti wa mswaki, ambao jina lake ndilo lililopewa baadaye brashi ya dukani. Kijiti kilichotafunwa vizuri huondoa ukoga kwa kiwango cha kutosha, mradi kifikishwe pia nyuma ya meno upande wa ulimi, mahali ambapo wengi hupasahau. Ikumbukwe vilevile kwamba meno ya kahawia si lazima yawe machafu. Maji ya visima vingi vya Shinyanga yana floridi nyingi, na rangi inayoletwa na floridi wakati jino linajengeka haitoki kwa kusugua. Wapo vijana waliojichubua fizi kwa mchanga na mkaa wakipigana na doa hilo.

Wanawake wa machimboni hawaingii kwa urahisi katika safu yoyote ya daftari. Wanaponda mawe, wanaosha mchanga mialoni, wanapika na kuuza chakula hatua chache kutoka motoni. Mara nyingine donge huchomwa ndani ya nyumba, jikoni, ili lisionwe na wezi. Mjamzito anayefika kliniki kutoka nyumba ya namna hiyo, fizi zake zikiwa nyekundu na zinatoka damu, ana sababu mbili za kuugua zinazofanana kwa macho. Ya kwanza itakwisha yenyewe baada ya kujifungua. Tabibu atakayemwuliza umri wa mimba peke yake ataiona hiyo tu. Akimwuliza pia ni nani huchoma zebaki nyumbani, na katika jiko lipi, ataiona na ya pili.